Taa ya Kazi kwa Fundi wa Fizi na Baraka: Betri Kwanza, Lumeni Baadaye

Rasi ya Ubwari huungana na bara upande wa kusini na kunyooka kuelekea kaskazini ndani ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiacha kati yake na nchi kavu maji ya Ghuba ya Burton, na katika ufuko wa magharibi wa ghuba hiyo ndipo ulipo mji wa Baraka, ilhali mji wa Fizi umekaa juu milimani. Mafundi wa eneo hilo hutengeneza vitu vya aina nyingi kwa mikono ileile: pikipiki zinazobeba abiria na mizigo kati ya Baraka, Mboko na Sebele, malori ya Barabara ya Taifa Namba 5 inayotoka Bukavu na Uvira kuelekea Kalemie, injini za boti, jenereta za hospitali na za maduka, mashine za kusaga mihogo na mahindi, na pampu za maji za machimbo ya dhahabu ya Misisi. Sehemu kubwa ya kazi hizo hufanyika mahali ambapo jua halifiki hata saa sita mchana, yaani chini ya gari, ndani ya boti au nyuma ya jenereta iliyobanwa ukutani, na nyingine huanza jua likizama, kwa kuwa lori lililokwama njiani au injini inayotakiwa kuingia ziwani usiku huohuo haingoji kupambazuke.

Kwa sababu hiyo taa ya mkononi ni kifaa cha kazi sawa na spana, na inastahili kuchaguliwa kwa uangalifu uleule. Jambo linalofaa kusemwa mapema ni kwamba namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi la taa ndiyo yenye msaada mdogo kuliko zote kwa mnunuzi. Kinachoamua ni betri na mahali itakapochajiwa, kisha namna taa inavyoshika penye kazi, kisha ubora wa mwanga wenyewe, na wingi wa mwanga huja baada ya hayo.

LED ni kipande kidogo cha madini yaliyotengenezwa kiwandani ambacho hutoa mwanga pale umeme unapopita ndani yake kwa mwelekeo mmoja, bila waya wa kuwaka na bila gesi. Ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu wa kuonekana kwa jicho ilitengenezwa Marekani na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini ilichukua takriban miaka 30 kupata LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapa wanasayansi wazaliwa wa Japani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Umuhimu wa ile ya buluu ni kwamba mwanga mweupe wa taa nyingi za leo hutokana nayo: kipande cha buluu hufunikwa kwa unga maalumu wa njano, na mchanganyiko wa rangi hizo mbili huonekana mweupe kwa jicho la binadamu. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi na sehemu kubwa ya umeme wake ikapotea kuwa joto, na LED nzuri hutoa mwanga huohuo kwa wati nane hadi kumi. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, na wati ni kipimo cha umeme unaotumiwa.

Mabadiliko haya yalionekana ziwani kabla ya kuonekana karakanani. Wavuvi wa Tanganyika huwavuta ndagala kwa mwanga katika usiku usio na mbalamwezi, na kwa miongo mingi walitumia karabai, yaani taa za mafuta ya taa zinazopigwa pampu, hadi taa za LED zinazowashwa kwa betri zilipoanza kuchukua nafasi yake. Mvuvi anayepanga safari kwa hesabu ya betri hujifunza upesi kwamba taa inayofifia saa saba za usiku ni hasara ya wavu mzima. Fundi wa nchi kavu hana sababu ya kujifunza somo hilo upya kwa gharama yake mwenyewe.

Hali ya umeme ndiyo inayoipa betri uzito huo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na ingawa mabwawa ya mto Ruzizi hupeleka umeme Bukavu na Uvira kupitia shirika la taifa la SNEL, wakazi wengi wa Fizi wanaishi nje ya nyaya hizo na hutegemea paneli za jua, jenereta na vibanda vinavyochaji simu kwa malipo. Taa inayohitaji tundu la ukutani la volti 220 ili ichajiwe, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, itamfaa mwenye jenereta peke yake. Taa inayochajiwa kwa volti 5 kupitia waya wa USB, uleule wa simu, hupata chakula popote penye paneli ndogo, penye betri ya pikipiki iliyofungwa adapta, au penye kibanda cha kuchajia. Mnunuzi aangalie pia umbo la tundu lenyewe: taa yenye tundu la duara la pekee, lisiloingiana na waya mwingine wowote, hugeuka mzigo siku chaja yake inapopotea, na tundu la USB la mviringo wa aina ya C, linaloingia upande wowote, ni rahisi kutumia kuliko lile dogo la zamani lenye pande mbili zisizolingana.

Betri yenyewe inahitaji hesabu kidogo, na hesabu hii ikieleweka hakuna boksi litakalomdanganya fundi tena. Taa nyingi za mkononi hutumia seli ya lithiamu iitwayo 18650, jina linalotaja vipimo vyake: upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Uwezo wa seli huandikwa kwa miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutoa kwa muda fulani, na seli bora za umbo hilo zinazouzwa kwa kawaida hufika miliampea-saa 3,500 hivi. Seli iliyoandikwa 9,900, ambayo haikosekani katika masoko ya Afrika Mashariki na Kati, haiwezi kuwa na uwezo huo, kwa kuwa nafasi iliyomo ndani ya umbo lile haitoshi. Maandishi hayo ni uongo mtupu. Ukizidisha ampea-saa 3.5, yaani zile miliampea-saa 3,500, kwa volti za seli, ambazo kwa wastani ni 3.6, unapata wati-saa 12.6, na hicho ndicho kiasi chote cha nishati kilichomo.

Kutoka hapo mambo huwa mepesi. Ikichukuliwa kwamba LED ya kawaida hutoa lumeni 100 kwa kila wati moja, taa ya lumeni 300 hula wati 3, na seli ile moja itaiwasha kwa saa tatu na nusu hadi nne baada ya kutoa kinachopotea njiani. Taa ya lumeni 800 hula wati 8, na seli ileile itakwisha kabla ya saa moja na nusu kutimia. Taa ndogo inayodai lumeni 10,000 ingehitaji wati 100, yaani ingeimaliza seli yake ndani ya dakika nane, na joto lake lingeyeyusha plastiki muda mrefu kabla ya dakika hizo kwisha. Kwa hiyo taa yenye seli moja, yenye uzito wa gramu mia moja na kitu, inayoahidi maelfu ya lumeni kwa saa kumi, imekwisha kujikanusha yenyewe kwenye boksi lake.

Upo pia ukaguzi wa mizani, na katika nchi ya dhahabu mizani haikosekani. Seli halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 43 hadi 50, na za bandia mara nyingi huwa nyepesi zaidi kwa sababu ndani yake kuna seli ndogo iliyozungukwa na kijazo tu. Mfanyabiashara mwenye mizani ya kupimia dhahabu anaweza kumaliza ubishi huo kwa muda usiozidi ule wa kuhesabu noti.

Muda ulioandikwa kwenye boksi nao una siri yake. Kanuni ya Marekani iitwayo FL 1, iliyotolewa mwaka 2009 na kufuatwa na watengenezaji wengi wa tochi, huhesabu muda wa taa tangu inapowashwa hadi mwanga wake unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Taa inayosemwa kuwa ya saa nane inaweza kung'aa kwa saa moja na nusu, kisha ikatambaa katika nusu giza kwa saa zilizobaki, na bado mtengenezaji akawa hajavunja kanuni. Taa zinazogharimu zaidi huwa na saketi inayoshikilia mwanga usishuke mpaka betri ikaribie kwisha, na kwa fundi anayefunga pete za pistoni usiku tabia hiyo ina thamani kuliko lumeni mia mbili za ziada. Njia ya kuijua ni kuiwasha taa iliyojaa dukani au kwa jirani na kuirudia baada ya saa moja, ikiwa imeegemezwa ukuta uleule, kwa kuwa jicho lililokaa na taa muda wote huzoea kufifia na halitambui tofauti.

Aina ya kemikali ya betri isipuuzwe. Betri za risasi na asidi, ambazo bado zimo katika taa kubwa za bei nafuu zenye mpini, huharibika haraka zikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, na ndivyo zinavyoachwa mara nyingi. Lithiamu ya kawaida huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara 300 hadi 500 kabla ya uwezo wake kupungua sana, na ile ya fosfeti ya chuma, iliyo nzito kidogo kwa nishati ileile, hupita mara 2,000 na haiwi rahisi kushika moto. Kwa taa ya karakana inayochajiwa kila siku tofauti hiyo ni ya mwaka mmoja na nusu dhidi ya miaka mitano au zaidi. Kuhusu paneli, ile ya wati 10 ikipata saa nne za jua kali hutoa wati-saa 40 kwa makadirio, na baada ya hasara za waya, joto na chaja hubaki 25 hadi 30, zinazotosha kujaza seli mbili. Katika miezi ya mvua, mawingu yakikaa juu ya milima ya Fizi tangu asubuhi, hesabu hiyo lazima ipunguzwe kwa nusu.

Baada ya betri huja suala la kushika, ambalo wauzaji wa mjini hulitaja kwa neno moja tu: sumaku. Ni kweli kwamba fimbo ya LED yenye sumaku kwenye kitako ni neema kwa fundi wa magari, kwa sababu Land Cruiser na malori ya Fuso yana chuma kila upande, na taa hushika chini ya boneti au kwenye fremu na kuacha mikono miwili huru. Mambo hubadilika ufukweni. Ganda na bloku ya injini ya boti, kama zile za Yamaha zinazosukuma mitumbwi mingi ya ziwa, ni za aloi ya alumini ili zisiwe nzito na zisiliwe na kutu upesi, na alumini haivutwi na sumaku. Boti yenyewe ni ya mbao. Fundi anayefungua kabureta ya injini ya nguvu farasi 40 juu ya maji yanayotikisika atakuta kwamba taa yake ya sumaku haina pa kushika isipokuwa kwenye boliti chache za chuma na gurudumu la uzito lililo juu ya injini, ambalo lina sumaku zake lenyewe na ambalo halifai kuegemezewa kitu chochote. Taa ikiteleza inaingia ziwani, na mara nyingine huondoka na plagi iliyokuwa imewekwa kando yake. Fundi wa aina hiyo anahitaji kulabu inayozunguka, kibanio chenye mdomo wa mpira, au bora zaidi, taa ya kichwani yenye mkanda, ambayo hufuata macho yanapokwenda.

Hata fundi wa magari asiiamini sumaku kabla ya kuijaribu. Sumaku ya kutosha hushikilia taa kwenye bati la wima lililopakwa rangi bila kuteremka, na isisogee injini ikitikisika. Ile dhaifu hushika kwenye mlango wa duka na kuanguka kwenye kazi. Kitako cha sumaku pia hukusanya vumbi la chuma la diski na tupa, ambalo likiachwa hukwaruza rangi ya gari la mteja, na njia rahisi ya kulizuia ni kukivisha kitako mfuko mwembamba wa plastiki unaovuliwa pamoja na uchafu wake.

Ukaribu wa taa na kazi ndio unaoeleza kwa nini lumeni nyingi si lazima. Mwanga unaofikia kitu hupimwa kwa lux, na lux moja ni lumeni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Mapendekezo ya kawaida kwa kazi za karakana ni lux 300 hadi 500, ilhali mbalamwezi pevu haifikishi hata nusu ya lux moja na jua la mchana hupita lux 100,000. Taa inapoondolewa mbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Ikiondolewa mara tano, hubaki sehemu moja ya 25. Kwa hiyo taa ndogo ya lumeni 200 iliyo sentimita 30 kutoka kwenye boliti huipa boliti hiyo mwanga sawa na taa ya lumeni 5,000 yenye mwonzi wa umbo lilelile iliyo umbali wa mita moja na nusu. Tena taa kubwa iliyo mbali huweka kivuli cha kichwa cha fundi palepale anapotaka kuona. Kwa kazi za ndani ya injini lumeni 200 hadi 500 zilizotandazwa vizuri zinatosha, na lumeni 1,500 au zaidi zinafaa pale tu watu kadhaa wanaposhusha gia boksi au kubadilisha gurudumu la lori gizani kando ya barabara.

Kutandazwa huko ni jambo la kuangalia kwa macho. Tochi ya kutafutia njia hukusanya mwanga katikati na kuacha ukingo giza, na ikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa humrudishia fundi mng'ao unaomuumiza macho. Taa ya kazi inapaswa kuwa na kioo cha ukungu au mstari wa LED nyingi ndogo, unaotoa mwanga mpana usio na doa kali.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa namna mbili. Kelvini husema kama mwanga ni wa manjano au wa kibuluu: 2,700 ni wa manjano kama wa balbu ya zamani, 6,500 ni mweupe wa kibuluu, na kati ya 4,000 na 5,000 ndiyo sehemu inayofaa kazi. Kipimo cha pili, kilicho muhimu zaidi na kinachotajwa mara chache, huitwa CRI, kinachosema kwa namba isiyozidi 100 jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu zikilinganishwa na mwanga wa jua au wa balbu. LED za bei ya chini huwa na 70 hivi, na mapungufu yake makubwa ni kwenye rangi nyekundu, ambayo huonekana ya kahawia. Fundi wa umeme wa gari anayefuata waya mwekundu na waya wa kahawia katika fungu moja, au anayetaka kujua kama kilichodondoka sakafuni ni mafuta ya breki, dizeli au maji ya rejeta, anaweza kupotezwa na taa kama hiyo. Mafuta ya gia ya injini ya boti yaliyogeuka meupe kama maziwa ni dalili kwamba maji ya ziwa yamepenya kupitia sili ya shafti ya propela, na katika mwanga mbaya wa kibuluu dalili hiyo hupita bila kuonekana katika siku zake za mwanzo, ambapo bado ni nafuu kuitibu. Taa yenye CRI ya 90 hugharimu zaidi na hutoa lumeni chache kidogo kwa umeme uleule, lakini kwa anayesoma rangi kila siku bei hiyo hurudi.

Hatari moja ya LED haikuwamo katika karabai wala katika kandili. Saketi za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kuiwasha na kuizima LED mara mamia kwa sekunde, kasi ambayo jicho halioni, lakini kitu kinachozunguka huifichua. Kasi ya mashine ikiwiana na kasi ya kuwaka na kuzima, mkanda au feni huonekana imesimama au inazunguka polepole, ilhali inakimbia kwa kasi yake yote. Katika vibanda vya kusagia nafaka, ambako injini ya dizeli huendesha kinu kwa mkanda mrefu usio na kinga na ambako mwanga huwa ni taa moja tu, macho yakidanganywa hivyo mkono unaweza kupelekwa mahali usipostahili kufika. Kipimo chake ni rahisi: taa iwashwe kwa nguvu ndogo, kisha kijiti chembamba kipitishwe upesi mbele yake, kikionekana kama vijiti vingi vilivyopangana badala ya ukungu mmoja, taa hiyo inapepesa. Kamera ya simu nayo huonyesha mistari myeusi inayotembea. Taa ya namna hiyo inaweza kutumika kutafutia ufunguo ulioanguka, lakini isipelekwe karibu na mashine inayozunguka.

Kuhusu petroli, LED imeleta usalama mkubwa, lakini wako wanaouamini kupita kiasi. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa huteremka na kujikusanya chini, ndani ya shimo la karakana au kwenye sakafu ya boti chini ya tangi. Kuleta kandili mahali hapo ni kutafuta msiba, na kuiondoa ni faida isiyo na mjadala. Hata hivyo, swichi ya taa ya kawaida hutoa cheche ndogo inapobonyezwa, na betri iliyopasuka inaweza kutoa moto. Taa zilizojengwa kwa ajili ya mahali penye mvuke unaolipuka huwa na alama ya Ex ndani ya umbo la pembe sita, kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya, na bei yake ni ya kampuni za mafuta kuliko ya fundi wa mtaani. Asiye nayo afuate utaratibu usio na gharama: tangi liachwe wazi hewani, mvuke upungue, na taa iwashwe mbali kabla ya kusogezwa, isiwashwe wala kuzimwa juu ya petroli. Utaratibu huohuo unafaa panapochajiwa betri za risasi, ambazo hutoa haidrojeni.

Uimara husomwa kwenye alama za IP na IK. Tarakimu ya kwanza ya IP huhusu vumbi na ya pili maji: 54 inatosha kwa manyunyu ya mvua, 65 huvumilia maji ya bomba, na 67 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, ambayo ndiyo inayostahili kwa anayefanya kazi ndani ya boti. IK huhusu kugongwa, na IK08 ni ya kutosha kwa karakana. Alama hizi huandikwa pia kwenye bidhaa zisizowahi kupimwa, kwa hiyo zisisomwe bila kutazama mpira unaofunika tundu la kuchajia. Ukiwa mwembamba na unaning'inia, namba yoyote iliyoandikwa kando yake haina maana.

Kitu kingine kinachotazamwa kwa macho ni namna taa inavyopumua joto na inavyofunguka. LED haina joto mbele, lakini nyuma yake huchemka, na bila kipande cha alumini cha kulitoa joto hilo hupoteza mwanga na maisha. Taa ya plastiki tupu, nyepesi, isiyopata joto upande wa nje hata baada ya dakika kumi za nguvu kamili, ama haina nguvu inayodai ama inalifungia joto ndani. Taa iliyofungwa kwa skrubu, yenye seli inayotoka kwa mkono, ina maisha marefu mahali ambapo mafundi wa simu wana chuma cha kulehemu na mita ya umeme, kwa sababu seli ikichoka hubadilishwa na mwili hubaki. Ile iliyogandishwa kwa gundi hutupwa nzima. Seli za kubadilishia zisitoke kwenye kompyuta kuukuu bila kupimwa, na iliyovimba au kupigwa na nyundo isichajiwe tena, hata kwa jaribio moja.

Bidhaa hizi hufika Baraka kwa njia nyingi: kwa lori kutoka Uvira, kwa boti kutoka Kigoma, na nyingi zimeanzia katika viwanda vya China. Ukaguzi wa ubora wa bidhaa zinazoingia nchini ni kazi ya Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, lakini si kila taa ndogo itakayofunguliwa mpakani, na fundi hana budi kuwa mkaguzi wa mwisho. Kwa taa ndogo za nyumbani za jua upo mpango wa kimataifa wa VeraSol, ulioanza mwaka 2020 kwa kurithi kazi ya Lighting Global ya Benki ya Dunia, unaozipima bidhaa na kutangaza zilizofaulu. Taa za karakana zenye sumaku na kulabu kwa kawaida hazimo katika orodha hiyo, ila taa ya jua iliyofaulu humpa fundi mwenye fedha kidogo mwanga wa eneo unaoaminika na, kwa baadhi, tundu la USB la kuchajia taa yake ya kichwani.

Mwenye fedha za taa moja tu anunue taa ya kichwani ya lumeni 200 hadi 400, yenye mwanga mpana, tundu la USB na seli moja ya 18650 inayotoka, pamoja na seli ya akiba iliyopimwa uzito, kwa kuwa taa hiyo hufanya kazi kwenye pikipiki, kwenye boti na kwenye jenereta bila kuuliza kama kuna chuma cha kushika. Fundi wa magari aongeze fimbo ya sumaku pesa zikipatikana, na akiweza achague yenye CRI ya juu. Taa kubwa ya kusimama, inayong'arisha ua mzima na kuwavutia wateja, ingoje mpaka karakana iwe na paneli na betri za kuilisha.